Imani, amani na amana: nilivyoipata amani ya moyo niliyokuwa nikiwafundisha wengine

Mleta uzi

Kwa miaka 9 niliwafundisha watu habari ya amani ambayo mimi mwenyewe sikuwa nayo. Nilikuwa mzee wa kanisa, niliongoza kipindi cha maombi kila wiki, na andiko nililolipenda kuliko yote lilikuwa Yohana 14:27: “Amani nawaachieni, amani yangu nawapa, niwapavyo mimi sivyo kama ulimwengu utoavyo.” Niliweza kulieleza mpaka watu wakafuta machozi. Kisha nikirudi nyumbani nililala kwa muda wa saa mbili au tatu tu, nikaamka usiku wa manane kifua kimenibana, nikaketi gizani nikingoja kupambazuke. Ninaandika kwa ajili ya mtu aliye katika hali hiyo, yaani mtu anayeamini, anayesali, anayetoa na kuhudumu, lakini moyo wake haujatulia, wala hathubutu kumwambia yeyote kwa kuogopa kuambiwa kwamba imani yake ni haba.

Nilijaribu mengi. Nilifunga na kuomba, niliongeza muda wa kusoma Biblia, nilichukua likizo nikidhani ni uchovu. Na kweli nilikuwa nimechoka, lakini uchovu uliondoka na hofu ikabaki. Niliombewa na watumishi ninaowaheshimu, na kila nilipoombewa nilipata nafuu ya siku mbili tatu, kisha hali ikarudi pale pale. Jambo ambalo sikulijaribu lilikuwa moja tu, nalo nililijua tangu mwanzo.

Kabla sijalieleza, naomba tuyatazame maneno yenyewe, kwa kuwa lugha yetu imehifadhi kitu ambacho wengi tunakipita bila kukiona. Amani na imani ni maneno yaliyotoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, na katika mzizi huo huo yametoka amini, mwaminifu na amana. Kiebrania, lugha ya Agano la Kale, nacho kina mzizi huo, na ndio uliotupa neno tunalofungia sala zetu, Amina. Nabii Isaya aliutumia mara mbili katika sentensi moja alipomwonya mfalme Ahazi, ambaye moyo wake ulikuwa ukitikisika kwa hofu ya majeshi yaliyomjia: “Kama hamtaki kuamini, hakika hamtathibitika” (Isaya 7:9). Katika kinywa cha nabii, kuamini na kuthibitika ni neno moja lililogeuzwa umbo. Mfalme alikuwa akikagua ulinzi wa mji. Nabii alikuwa akimuuliza amejiegemeza wapi.

Neno la pili ni shalom, ambalo Wakristo wengi hulitumia kama salamu. Lina undugu na maneno yetu salama na salamu, na hata ule usemi wa kusalimu amri. Maana yake ni pana kuliko utulivu. Ni hali ya kitu kilicho kizima, kisichopungukiwa. Na hapa ndipo niliponaswa. Katika Kiebrania mzizi wa shalom ndio unaotumika pia kwa tendo la kulipa na kurudisha. Soma Kutoka sura ya 22, panapozungumziwa mtu aliyempa mwenzake fedha au vyombo amtunzie: kila unapokutana na neno “atalipa”, kinachosikika kwa Kiebrania ni mzizi ule ule wa amani. Mara ya kwanza nilipokutana na maelezo hayo nilikuwa nikiandaa somo. Nilikifunga kitabu nikatoka nje, nikasimama gizani kwa muda mrefu.

Miaka 9 kabla ya usiku huo, rafiki yangu wa karibu alikwenda kulazwa hospitalini. Kabla ya kuondoka alinikabidhi fedha, akaniomba nimtunzie mpaka atakaporudi au, na hilo alilisema kwa sauti ya chini, mpaka mke wake atakapozihitaji. Hakurudi. Hapakuwa na maandishi wala shahidi. Nilikusudia kuzipeleka msiba utakapokwisha. Kisha biashara yangu ikayumba, nikasema nitazitumia kwa miezi michache tu. Kisha miaka ikapita. Mjane hakuuliza kitu. Nikajiaminisha kwamba hajui, na kwamba asiyejua haumii. Nilimwona kila Jumapili, nikampa mkono, nikamuuliza habari za watoto, kisha nikaenda mbele kuongoza maombi.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi sikuumbuliwa na mtu. Niliumbuliwa na usingizi wangu. Daudi alilieleza jambo hili katika Zaburi ya 32 kwa maneno ambayo daktari yeyote angeyaelewa: “Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa kwa kuugua kwangu mchana kutwa.” Angalieni kwamba hakusema alipotenda dhambi mifupa ilichakaa, bali aliponyamaza. Na Yeremia aliwalaumu viongozi wa dini wa wakati wake kwa kosa lililokuwa langu hasa: “Wameiponya jeraha ya watu wangu kwa juu-juu tu, wakisema, Amani, Amani, wala hapana amani” (Yeremia 6:14). Jeraha likifungwa kabla ya kusafishwa hupendeza machoni kwa siku chache, huku chini ya kitambaa likioza.

Usiku ule, nikiwa nje, nilimwambia Mungu jambo lile kwa jina lake. Kwa miaka yote nilikuwa nikiomba “unisamehe makosa yangu yote,” na sala hiyo ni njema, lakini kwangu ilikuwa pazia. Safari hii nilisema: nilipewa amana na mtu anayekufa, nami nikaila. Sikusikia sauti wala sikuona nuru. Kilichonijia ni maneno ya Isaya 53 niliyoyasoma mara nyingi bila kuyapa uzito: “Adhabu ya amani yetu ilikuwa juu yake.” Nikaelewa kwamba amani ya Kristo haikuja kwa Mungu kufumba macho asilione deni. Deni lilionekana, likahesabiwa, likalipwa na mwingine. Ndiyo maana Paulo, anapoandika Warumi 5:1, anaitaja amani kwa Mungu mara tu baada ya kutaja kuhesabiwa haki kwa imani, na hazungumzii hisia hata kidogo. Anazungumzia pande mbili zilizokuwa zimefarakana na sasa zimepatana. Nilikuwa nikitafuta amani ya Mungu ije ndani yangu huku nikikwepa kupatana na Mungu mwenyewe.

Naomba msinielewe vibaya hapa, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Sikuinunua amani kwa kulipa. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, alisema “namrudishia mara nne” baada ya Bwana kuingia nyumbani mwake, si kabla. Lakini pia hakusema, “Bwana amekwisha kunisamehe, basi waliodhulumiwa wanisahau.” Bwana mwenyewe alifundisha katika Mathayo 5 kwamba ukikumbuka mbele ya madhabahu kuwa ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka pale pale, ukapatane naye kwanza. Mimi nilikuwa nimetoa sadaka kwa miaka 9 nikiwa nimekumbuka kila mara.

Nilikwenda kwa mjane siku ya tatu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu niliona sistahili kuketi. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema: “Nilijua. Aliniambia usiku ule kabla hajaondoka.” Alikuwa amejua siku zote. Alikuwa amenipa mkono Jumapili zote zile akijua. Nilipomuuliza kwa nini hakudai, alijibu kwamba mwanzoni aliona aibu, baadaye akaogopa kwamba nitakana na watu wataniamini mimi, na mwishowe akamwachia Mungu kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Kisha akaniambia kwamba hawezi kuniahidi siku hiyo kwamba amenisamehe, lakini niketi.

Tulikubaliana namna ya kulipa. Sheria ya Musa, katika Mambo ya Walawi sura ya 6, inamtaka aliyemdanganya mwenzake katika amana arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano, nami nikaona hilo ni haki, ingawa halikunilazimu. Niliwaeleza viongozi wa kanisa na nikaacha uzee wa kanisa. Baadhi ya watu waliacha kuja kwangu, na nyumbani kulikuwa na majuma magumu, kwa sababu familia yangu nayo haikujua. Kwa kipimo chochote cha nje maisha yangu yalikuwa mabaya kuliko yalivyokuwa mwezi mmoja kabla.

Nami nililala. Nililala usiku mzima, na usiku uliofuata, na uliofuata. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Paulo anaiita amani hii “ipitayo akili zote” katika Wafilipi 4:7. Akili yangu ilikuwa na kila sababu ya kufadhaika. Neno alilolitumia Paulo kusema kwamba amani hiyo “itawahifadhi mioyo yenu” ni neno la kijeshi katika Kigiriki, la kikosi cha askari kilichowekwa kuulinda mji. Wasomaji wake wa Filipi waliishi katika koloni la Kirumi lililokaliwa na askari wastaafu, na yeye mwenyewe aliandika akiwa kifungoni, chini ya ulinzi. Mji wenye kikosi cha ulinzi si mji usio na adui. Adui anaweza kuwa langoni kabisa.

Tangu siku zile kuna mstari mmoja ninaousoma karibu kila asubuhi, 2 Timotheo 1:12, ambapo Paulo aliyefungwa anasema: “Namjua yeye niliyemwamini, na kusadiki ya kwamba aweza kukilinda kile nilichokiweka amana kwake hata siku ile.” Mimi niliyeila amana ya mtu naruhusiwa kuiweka nafsi yangu amana kwa Mmoja ambaye hali amana za watu. Nawakaribisha wenye maswali, na hata wasiokubaliana nami.

Mchangiaji wa kwanza

Nakushukuru kwa ukweli wako, lakini nina pingamizi, nalo nalitoa kwa heshima. Mimi si Mkristo, wala sifuati dini yoyote. Ninapata utulivu wa kweli kwa kutafakari kimya kila asubuhi, kwa kupunguza mambo yanayonishughulisha na kwa kuishi bila kumdhulumu mtu. Simulizi lako lenyewe linaonyesha kwamba ulipata usingizi kwa sababu uliungama na kulipa. Asiye na dini akifanya hivyo hivyo hatalala? Huenda dhamiri iliyotulia ndiyo unayoiita amani ya Mungu.

Mleta uzi

Ndugu, swali lako ni la haki na sitalipuuza. Ni kweli kwamba kukaa kimya hutuliza mwili, na kwamba mtu yeyote akirudisha alichodhulumu hupata nafuu; sioni sababu ya Mkristo kulikana jambo hilo, kwa kuwa tunaamini dhamiri ni kazi ya Mungu kwa watu wote. Lakini fikiria sehemu ya deni langu isiyolipika. Fedha ninazirudisha. Je, ile miaka 9 ambayo mama yule alilea watoto kwa shida nitairudishaje? Rafiki yangu aliyekufa akiniamini nitamwomba radhi wapi? Dhamiri yangu, ikiwa ni nyoofu, ina haki ya kunishitaki juu ya mambo hayo mpaka nife, na hakuna zoezi la kupumua litakaloijibu. Kinachoijibu kwangu ni kwamba yupo mwenye mamlaka juu ya waliokufa na juu ya miaka iliyopotea, naye amesema neno la msamaha. Kama neno hilo si la kweli, basi mimi nimejituliza tu, na wewe utakuwa umesema sawa. Mimi nimeyaegemeza maisha yangu juu ya kwamba ni la kweli, kwa sababu ya kaburi la Yesu lililokutwa wazi, na sidai kwamba usingizi wangu ndio ushahidi.

Mchangiaji wa pili

Nimesoma nikilia, na sehemu ya machozi hayo ni ya uchungu. Mimi ni dada niliyeokoka tangu ujana. Sina mtu niliyemdhulumu kwa kiwango ulichoeleza, nami nimeichunguza nafsi yangu mpaka nimechoka. Hata hivyo nina wasiwasi na huzuni isiyo na sababu kwa miaka mingi, na kwa sasa natumia dawa nilizoandikiwa na daktari. Kanisani nimeambiwa kwamba mwenye Roho Mtakatifu hawezi kuwa hivyo, na kwamba lazima pana dhambi niliyoificha. Nikiusoma uzi huu kwa jicho la wale wanaonihukumu, naona watautumia kama fimbo.

Mleta uzi

Dada yangu, nakuomba radhi, kwa kuwa nilipaswa kuliandika hili mwanzoni kabisa. Kisa changu ni kisa changu. Ugonjwa wangu ulikuwa na chanzo ninachokijua, na dawa yake ilikuwa kuungama. Anayechukua dawa ya jeraha la mmoja na kuipaka kwa kila mgonjwa hajui uganga, tena anatenda kosa la rafiki zake Ayubu, ambao walikuwa na hakika kwamba ameficha dhambi, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao.

Angalia Eliya katika 1 Wafalme 19. Siku chache baada ya moto kushuka Karmeli alilala chini ya mti akiomba afe. Mungu hakumkemea kwa kukosa imani. Alimtuma malaika amguse, amlishe, amwache alale tena, amlishe mara ya pili, na sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye, mwili ulipokuwa umepata nguvu. Na Zaburi ya 88, ambayo ni sala ya mtu wa Mungu, inafungwa kwa neno la giza bila hata mstari mmoja wa faraja, lakini haikuondolewa katika Biblia. Bwana mwenyewe alisema Gethsemane, “Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa.” Atakayesema kwamba huzuni ni ushahidi wa dhambi iliyofichwa na amweleze Yesu hivyo.

Yupo pia William Cowper, mshairi Mwingereza aliyezaliwa 1731 na kufariki 1800. Alitunga tenzi ambazo zimewafariji Wakristo kwa zaidi ya miaka 200, na yeye mwenyewe aliteswa na ugonjwa mzito wa huzuni uliomrudia mara kwa mara, mpaka mwisho akidhani kwamba Mungu amemkataa. Mimi siamini kwamba Mungu alimkataa. Naamini ugonjwa ulimziba masikio asisikie jambo lililokuwa la kweli wakati wote, na kwamba amani yake kwa Mungu haikutegemea uwezo wake wa kuihisi.

Mchangiaji wa tatu

Naongeza neno fupi kama mtu anayefanya kazi ya uuguzi na ni Mkristo. Dada, usiache dawa zako kwa sababu ya maneno ya mtu yeyote, na ukitaka kuzibadili au kuzipunguza zungumza kwanza na daktari wako, kwa kuwa kuacha ghafla kunaweza kukudhuru. Paulo anamtaja Luka kwa upendo kama “yule tabibu mpendwa” katika Wakolosai 4:14. Alisafiri na tabibu na bado aliwaombea wagonjwa. Ikiwa siku moja giza litakuzidi mpaka ufikirie kwamba heri usingekuwapo, usiketi na wazo hilo peke yako. Mwambie mtu wa karibu saa hiyo hiyo na uende hospitali. Kufanya hivyo hakupunguzi imani yako.

Mchangiaji wa pili

Asanteni. Nitausoma tena ule mstari wa Eliya usiku huu. Sikuwahi kuona kwamba alilishwa mara mbili.

Mchangiaji wa nne

Mimi nazungumza kutoka upande wa yule mjane. Kuna ndugu wa damu aliyechukua vilivyokuwa vyetu baada ya wazazi kufariki, naye hajatubu wala haonyeshi dalili. Yuko kanisani, anaimba, analala vizuri kwa kadiri ninavyoona. Mimi ndiye nisiyelala. Kila mahubiri ya amani yananiishia kwenye “samehe,” na kila nikijaribu kusamehe najiona kama ninayeidhinisha wizi. Mleta uzi, wewe ulipata amani yako ulipotaka. Sisi tunaosubiri watu kama wewe wazinduke tuipate wapi?

Mleta uzi

Ndugu yangu, nimeandika jibu mara tatu na kulifuta. Nadhani mimi si mtu anayestahili kukujibu. Niliyemdhulumu mwenzangu nikikufundisha kusamehe nitakuwa najitetea. Namwachia mwingine, na ninakiri kwamba maneno yako yamenifanya nimfikirie mama yule na Jumapili zake zote kwa namna ambayo sikuwa nimewahi.

Mchangiaji wa tano

Naomba nijibu mimi, mama mtu mzima niliyepita njia hiyo. Mwanangu, msamaha na mapatano ni mambo mawili, na wahubiri wengi huyachanganya kwa haraka ya kufunga ibada. Mapatano yanahitaji watu wawili, na mmoja lazima atubu. Ndiyo maana Paulo anasema kwa tahadhari katika Warumi 12:18, “Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote.” Anajua kwamba wakati mwingine haiyumkini. Mstari unaofuata anakataza kujilipiza kisasi, lakini sababu anayoitoa si kwamba kosa ni dogo. Ni kwamba kisasi kina mwenyewe. Kusamehe, kwa jinsi nilivyokuja kuelewa baada ya miaka mingi, ni kuhamisha kesi. Faili linatoka mikononi mwangu, ambapo nililisoma kila usiku, linapelekwa kwa Hakimu asiyepokea hongo. Faili halijachanwa. Kama kuna haki ya kudai kwa njia za kisheria, idai bila chuki. Haki si adui wa amani.

Na jambo lililonisaidia kuliko yote ni hili. Bwana alipofufuka akawakuta wanafunzi wamejifungia kwa hofu, aliwaambia “Amani iwe kwenu,” na Yohana 20:20 inasema alipokwisha kusema hayo akawaonyesha mikono yake na ubavu wake. Alitamka amani na kuonyesha makovu kwa wakati mmoja. Mimi nilifikiri kwamba ili niwe na amani sharti nijifanye kwamba sikuumizwa. Yeye hakuyaficha makovu yake hata katika mwili wa utukufu, na hakuna aliyeweza kumwambia kwamba bado hajasamehe.

Sikuipata amani hiyo kwa siku moja. Kwa muda mrefu nililihamisha faili asubuhi, na jioni nikalikuta tena mapajani mwangu. Nililipeleka tena. Siku moja niligundua kwamba juma zima limepita bila kulishika.

Mchangiaji wa nne

Faili mapajani. Hapo umenipata, mama. Asante.

Mchangiaji wa sita

Swali langu ni fupi. Nimetubu, nimerudisha kilichokuwa cha kurudishwa, naamini kwa moyo wote, wala sina ugonjwa kwa kadiri nijuavyo. Lakini sihisi chochote. Siwezi kusema kwamba nina fadhaa, ila sina pia ile furaha tele ambayo watu hushuhudia. Je, nimekosea wapi?

Mleta uzi

Sidhani umekosea. Watu hupewa kwa namna tofauti. Blaise Pascal, mwanahisabati Mfaransa, alikutana na Mungu usiku wa tarehe 23 Novemba 1654, tangu yapata saa nne na nusu usiku hadi saa sita na nusu, akaandika katika karatasi maneno machache ya mtu aliyezidiwa, yakiwamo moto, yakini, furaha na amani. Aliishona karatasi hiyo ndani ya vazi lake, na ilikutwa humo alipofariki mwaka 1662. Wengi hukisimulia kisa hicho kwa ajili ya moto wa usiku ule. Mimi hunigusa zaidi ule ushonaji. Mtu ambaye moto wake haukomi hahitaji kubeba karatasi. Nadhani alijua kwamba zitakuja siku asizohisi kitu, na alikuwa mgonjwa kwa sehemu kubwa ya miaka ile iliyobaki, hivyo akaweka ushuhuda karibu na kifua chake.

Zaburi ya 131 inaifananisha nafsi iliyotulia na mtoto aliyeachishwa, akiwa kifuani mwa mama yake. Mtoto anayenyonya akiwekwa kifuani hutafuta maziwa. Aliyeachishwa hatafuti kitu, ametosheka na kuwapo. Huenda hali yako ya kutohisi kitu ndiyo hiyo, nawe unaihukumu kwa sababu haifanani na ushuhuda wa mwingine. Endelea na sala zako, hata fupi. Utajie Mungu mahangaiko kwa majina yake, na shukrani pia kwa majina yake, kama Wafilipi 4:6 inavyoagiza. Usijipime kila saa.

Mchangiaji wa tano

Mleta uzi, na mimi nina swali ambalo nadhani wengi tunalo lakini tunaona haya kuuliza. Mama yule alikusamehe?

Mleta uzi

Hajanitamkia neno hilo, nami simuulizi. Imepita miaka miwili na nusu. Amenipokea kila nilipopeleka malipo, na mara ya tano au ya sita alianza kunisimulia habari za marehemu, mambo ya ujana wao ambayo sikuyajua hata mimi niliyejiita rafiki yake. Imebaki sehemu ya mwisho. Mwezi uliopita aliniambia kwamba hiyo asingependa kuipokea yeye. Anataka nimpelekee mwanawe mkubwa, ambaye sasa ni mtu mzima na hajui habari hii, na anataka aisikie kutoka kinywani mwangu, si kwake.

Nitakwenda Jumamosi. Kijana huyo nilimfundisha katika shule ya Jumapili, na anaweza kunifukuza, na atakuwa na haki. Nimewaomba watu wawili waniombee, sasa nawaomba na ninyi. Jana usiku nililiweka jambo hilo kwa Bwana kama lilivyo, na kwa jina lake, nikalala mpaka asubuhi.